Kitochi cha Wodi ya Watoto

Nyie vijana mnaoingia kazini sasa, wastaafu wengi watawaambia walivyokuwa majasiri. Mimi sina habari hiyo. Mimi nilikuwa naogopa. Sekondari niliogopa kuitwa ubaoni, chuoni niliogopa kushika sindano, na hadi naacha kazi nilikuwa bado nazunguka nyuma ya jengo la kufulia ili nisikutane na madaktari bingwa mlangoni nikalazimika kutoa neno. Kuandika ndiko ninakoweza. Kwenye karatasi hakuna anayeniangalia.

Naitwa Zaituni, kwetu Mungaa. Baada ya kidato cha nne nilisomea uuguzi, nikaajiriwa hospitali moja humu mkoani Singida ambayo jina lake sitalitaja. Miaka ya mwisho wakanipa kazi ya kuwalea madaktari watarajali. Hao ni wale waliomaliza chuo lakini bado hawajapata leseni, kwa hiyo wanazungushwa idara baada ya idara: watoto, upasuaji, leba, wodi za watu wazima. Mtu anakaa kidogo, akianza tu kujua glovu zinawekwa kabati gani, anahamishwa. Anaanza upya, mjinga kabisa, mbele ya wauguzi wengine na bingwa mwingine.

Kazi ya kuwalea haina kitabu. Huyu unamtafutia chumba, yule unamwazima ndoo. Unamwambia bingwa yupi haulizwi kitu kabla hajanywa chai. Unamfundisha kwamba siku ya kwanza kwenye wodi mpya, kabla hujajua jina la mtu yeyote, jua mtungi wa oksijeni unafunguliwa na nini na hicho kifungulio kiko wapi. Unamkumbusha kula. Mtarajali mwenye njaa anaandika dozi huku mkono unacheza.

Na unamfundisha kupokea kuku. Msicheke. Kulikuwa na kijana wa Dar es Salaam, Dokta Baraka, mzee mmoja aliyepona alimletea jogoo mzima mzima. Baraka akamshika kama anavyoshika mtoto mchanga, jogoo akamponyoka, akapita juu ya vitanda vya wodi ya wanaume akipiga kelele, na mgonjwa tuliyekuwa tunambembeleza anyanyuke tangu juzi yake akanyanyuka mwenyewe. Baraka akaniambia, "Sista Zai, andika kwenye faili: tiba, jogoo."

Kazi hii nilirithi kwa Sista Felista, mama wa Manyoni mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka malishoni. Mimi nilimuuliza nitawezaje kuwatia moyo watu wakati mwenyewe moyo sina.

"Usiwaambie wasiogope," akasema. "Ukimwambia mtu asiogope, anaficha. Muulize anaogopa kitu gani, akitaje."

"Na akisema haogopi kitu?"

"Huyo mfuate nyuma nyuma hadi wodini."

Basi kila ilipofika jioni ya kuamkia siku ya kuhama idara, nilikuwa nawakalisha watarajali kwenye benchi nyuma ya jengo la kufulia, na chai na viazi vitamu, nawauliza mmoja mmoja: kesho unaogopa nini? Nimesikia mengi pale. Mmoja aliogopa kushona kidonda cha mtu anayemwangalia usoni. Mwingine aliogopa mtoto anayezaliwa halafu halii. Jioni ninayotaka kuwaeleza, Baraka alikuwa anatoka leba kwenda watoto. Akasema, "Mimi hofu yangu inaisha leo. Yule mkunga wenu wa leba, akiniangalia tu, nasahau mwanamke anazalia wapi." Wakacheka hadi chai ikamwagika.

Kisha zamu ikafika kwa Dokta Rehema. Huyu alikuwa anatoka watoto kwenda upasuaji. Binti mwembamba, mpole, sauti ndogo. Nilimpenda kwa sababu alifanana na mimi.

Akasema, "Mimi naogopa kitochi."

Hapa nisimame niwaeleze. Zamani, nikiwa mpya, hospitali yetu ilikuwa na kipande cha chuma cha reli kimening'inizwa kwenye mti karibu na wodi kuu. Daktari akihitajika haraka, kinagongwa, na kila idara ina mdundo wake wa kugonga. Baadaye wakaja na simu ndogo za vitufe, vitochi, kimoja kila idara. Aliye zamu ndiye anayekibeba. Kikilia, acha unachofanya, nenda. Juzi juzi wakaanzisha kundi la WhatsApp. Kwenye kundi watu wote wameona ujumbe, wameweka vidole vya kukubali, na hakuna aliyekwenda. Ndiyo maana vitochi vilibaki.

Sasa Rehema, mwanzoni kabisa mwa muda wake kule watoto, kitochi kilimlilia akiwa bafuni. Akatoka mbio na sabuni mgongoni. Alipofika, mtoto alikuwa ameshakata roho. Hakuna aliyemlaumu, yule mtoto aliletwa amechelewa sana. Lakini tangu hapo Rehema akawa anakisikia kitochi hata kikiwa kimya. Yuko kwenye foleni ya chakula, anaacha sahani, anakitoa mfukoni, anakuta kimelala. Yuko kwenye raundi, anageuka ghafla. Usingizi ulimpungua hadi macho yakaingia ndani.

"Nakisikia hata sasa hivi," akasema pale kwenye benchi. Tukasikiliza wote. Upepo tu, ule wa kwetu unaopeperusha nguo kwenye kamba.

Baraka akamgusa bega. "Dada, kesho asubuhi hicho kidude unanikabidhi mimi. Ukikisikia tena baada ya hapo, jua ni kichwa chako kinakutania. Wewe endelea na kazi."

Rehema akatabasamu kidogo. Nadhani lile neno lilimpa nafuu. Alilishika.

Kesho yake asubuhi Rehema alikuwa wodi ya watoto mapema, koti jeupe, kitochi mfukoni, anamsubiri Baraka aje apokee. Baraka hakutokea. Kule leba mama mmoja alikuwa amefika na mtoto anakuja, na mkunga hakutaka kusikia habari ya kuhama idara. Rehema akasubiri, akatazama saa, akatazama mlango.

Kumbukeni alikuwa anakwenda kwa nani. Bingwa wetu wa upasuaji tulimwita Mzee Kimya, na si kwa sababu alikuwa mkimya. "Kimya!" ndilo neno alilokuwa anatupigia. Mtarajali akifika thieta, chumba cha upasuaji, baada ya mgonjwa wa kwanza kuingizwa, Mzee Kimya hamsainii. Asiyesainiwa anarudia idara nzima, wenzake wanaondoka na leseni zao, yeye anabaki. Ikaja salamu kwamba mgonjwa wa kwanza anapelekwa. Rehema akamwambia muuguzi wa wodi, Sista Eliza, "Baraka yuko njiani, anakuja sasa hivi," akakimbia thieta. Kitochi, kwa ile haraka, akakisahau kwenye mfuko wa koti lake.

Bingwa wa watoto alikuwa amesafiri kikazi. Daktari wa wodi alikuwa amesindikiza mgonjwa wa rufaa. Baraka alijua watoto bado wako kwa Rehema, maana hajakabidhiwa. Rehema alijua wako kwa Baraka. Kwa hiyo wodi nzima ya watoto haikuwa na daktari, na hakuna aliyejua, hata mimi.

Nilikuwa kwenye kile chumba changu kidogo napanga mashuka nilipomwona baba mmoja mlangoni. Kijana, mfugaji wa upande wa Ikungi, kofia ameishika kwa mikono miwili kifuani.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Karibu."

Akasimama. Midomo inamcheza. "Za asubuhi, Sista?"

"Nzuri. Una shida gani, baba?"

"Nimetumwa na yule sista wa watoto. Anasema simu haipokelewi. Mwanangu amegeuza macho, anarukaruka mwili mzima. Hauachi."

Wanangu, huyo mtu alinisalimia kwanza. Mtoto wake ana degedege kitandani, naye amelelewa kwamba mkubwa husalimiwa kabla ya jambo lolote.

Nikapiga kitochi. Kinaita, kinaita, kinakatika. Nikapiga simu ya Baraka mwenyewe, imezimwa. Nikakimbia leba, yule baba nyuma yangu. Nyuma ya pazia nikamsikia Baraka kabla sijamwona.

"Dokta, watoto wanakuita!"

"Sista siwezi! Kondo la nyuma halijatoka, damu inashuka. Kitochi anacho Rehema, hajanipa. Watoto bado ni wa Rehema!"

"Rehema yuko thieta."

Mkunga akasema kwa sauti ya chini, wala si ile yake ya siku zote, "Dokta nikimwachia, huyu mama anatutoka. Nenda thieta, Zaituni. Nenda."

Thieta. Mtu mwingine angesema nilikimbia. Mimi nakumbuka miguu ilikuwa mizito kama natembea kwenye matope ya mbuga. Mlangoni mwa thieta pana mstari mwekundu sakafuni. Viatu vya nje haviuvuki. Miaka yote ile sikuwahi kuuvuka bila kuitwa, na niliwahi kumwona Mzee Kimya akimfukuza mtu kwa kukohoa tu.

Nikamwambia yule baba asubiri nje. Nikaingia chumba cha kubadilishia nguo. Na hapo nikakisikia. Kile kitochi kilikuwa kinalia ndani ya mfuko wa koti la Rehema, na koti lenyewe linatikisika pale kwenye msumari kama ndani yake mna kitu hai.

Kwenye mlango wa thieta pana kioo. Nikachungulia. Mashine ya kunyonya damu inaunguruma, watu wamemzunguka mgonjwa, na Rehema ameshika vyuma vya kutanua tumbo kwa mikono yote miwili. Juu ya barakoa nayaona macho yake. Kitochi kikaita, mabega yake yakaruka. Akafumba macho, akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayemkatalia mtoto, akarudi kutazama mikono yake. Kikaita tena. Mabega yakaruka tena. Akatikisa kichwa tena.

Nikaelewa. Anakisikia. Anajiambia ni kichwa chake.

Wengine mle ndani nadhani walikisikia pia, lakini simu inayolia chumba cha nguo kila mtu anajua si yake. Ni yeye peke yake aliyekuwa anajua mlio ule ni wa nini, na yeye ndiye aliyekuwa ameshaamua haupo.

Nikavuka mstari. Nikasukuma mlango. Nikafungua mdomo nimwite, sauti haikutoka. Nawaambia ukweli, hewa tupu ilitoka. Nikajaribu tena.

"Dokta Rehema."

"Kimya!" Mzee Kimya hakuinua hata kichwa.

"Hapana," nikasema.

Sijui lile neno lilitoka wapi. Mle ndani kila mkono ulisimama.

"Mtoto ana degedege wodini. Hana daktari. Baraka hakupokea."

Rehema akanigeukia. Hakuuliza mtoto gani wala kitanda kipi. "Sista," akasema, "kinalia kweli?"

"Kinalia kweli, mwanangu. Njoo."

Akataka kuachia vile vyuma. Mzee Kimya akaweka kiwiko juu ya mkono wake. "Ukiachia sasa hivi, huyu anavuja. Usiachie."

Akainama, akaanza kufunga mshipa. Nikasimama pale na viatu vyangu vya nje kwenye sakafu ya thieta, namtazama akifunga. Uzi unapita, unavutwa, unapita tena. Rehema analia bila kutikisika, machozi yanaloweka barakoa, mikono haijacheza hata kidogo. Na wakati huo huo kule kwenye msumari kitochi kikanyamaza. Ule mlio ulikuwa unanitisha, lakini kimya kile nilikiogopa zaidi. Nilijua Eliza haachi kupiga bila sababu.

"Haya," Mzee Kimya akasema. "Sista wa vyombo, shika hapa. Wewe, nenda."

Rehema alipita karibu yangu na mabuti meupe ya thieta, akauvuka mstari mwekundu, akampita yule baba nje, naye akaanza kukimbia nyuma yake. Mimi nikachukua koti, nikafuata.

Eliza alikuwa ameacha kupiga kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa juu ya mtoto. Kalikuwa kasichana kadogo, Pendo, bado anajikunjakunja, midomo imeanza kugeuka rangi. Eliza alikuwa ameshafanya yaliyo ya muuguzi: oksijeni, sukari, dawa ya kwanza. Dawa ya kwanza haikushika. Rehema aliuliza uzito, akauliza dawa ile imetolewa lini, akaagiza inayofuata, akamsomesha Eliza dozi kwa sauti mara mbili, yeye mwenyewe akasikiliza kifua. Sauti yake ilikuwa kavu kabisa. Mama wa Pendo alikuwa amekaa sakafuni, ameshika mguu wa kitanda, kana kwamba kitanda ndicho kitakachoondoka.

Dawa ikaingia taratibu. Mikono ya mtoto ikalegea, kisha miguu. Ikatulia. Lakini hakuamka.

Hapo ndipo tulipoogopa kweli. Mtoto anayerukaruka unajua yupo. Huyu alikuwa amelala tu, anapumua, macho nusu wazi, ukimwita hajibu. Rehema akavuta kiti. Hakutoka pale. Kila baada ya muda anamgusa shavu: "Pendo. Pendo, mama." Hakuna. Baba yake alikuwa amesimama dirishani na ile kofia, na kila muuguzi mkubwa kwake kiumri aliyepita alimwambia shikamoo.

Baraka akaja, damu ya leba bado mikononi mwa koti. Yule mama wa leba alikuwa amepona. Akasimama mlangoni, akamtazama mtoto, akamtazama Rehema. Siku hiyo hakuwa na utani.

Nikakitoa kitochi kwenye koti, nikakiweka juu ya meza. Tukakitazama wote watatu. Hakuna aliyetaka kukigusa.

Mwisho Baraka akakichukua. "Nipe mimi. Sasa ni changu."

"Subiri," Rehema akasema. "Sista, kipigie."

"Sasa hivi?"

"Kipigie, kilie mkononi kwake. Nataka nikione."

Nikapiga kwa simu yangu. Kikalia kwenye kiganja cha Baraka, kinatetemeka. Rehema alikitazama hadi kilipokatika chenyewe, kisha akamgeukia Pendo.

Jua lilikuwa limeanza kuegemea upande wa magharibi Pendo alipojivuta, akashika ule mpira wa oksijeni puani, akaung'oa, na kulia kwa hasira. Sijawahi kupenda kilio kama kile. Mama yake alimkumbatia pale pale na dripu yake. Rehema akatoka nje, akainama ukutani, akatapika.

Mzee Kimya, ambaye sikuwahi kumwona akikanyaga wodi ya watoto, alipita jioni ile. Akasimama hatua moja ndani ya mlango.

"Mtoto?"

"Ameamka, Dokta," Rehema akasema.

"Kesho uwahi." Akageuka. Akaniona mimi, nikatafuta pa kujificha, pakakosekana. Akatazama viatu vyangu kwanza, kisha uso. "Na wewe sauti unayo, kumbe." Akaondoka. Muda wa Rehema ulipoisha, alimsainia.

Pendo aliruhusiwa akitembea. Mkono wake mmoja ulichelewa kurudi na nguvu, na hakuna aliyeweza kutuambia kama ni ugonjwa wenyewe au ni kule kusubiri. Sitawadanganya kwamba najua. Baba yake alituletea kuku, safari hii amefungwa miguu vizuri, nadhani habari ya Baraka ilikuwa imefika hadi Ikungi.

Tangu siku ile hakuna mtarajali aliyehama idara kwetu bila kitochi kulia mkononi kwa anayepokea, wote wawili wakiwa wamesimama kando ya kitanda, na muuguzi ndiye anayepiga. Wakubwa walituona kama tunacheza. Sikubishana nao, mnanijua. Lakini kila siku ya kuhama nilikwenda na simu yangu, nikapiga. Nyie mnaoshika nafasi yangu, hilo moja nawaomba msiliache. Wakiwacheka, waacheni wacheke, mpige.

Na yule mtarajali wenu atakayewaambia kwamba anasikia simu isiyolia, msimwambie ni kichwa chake. Mwambieni aitoe aitazame. Aitoe hata mara mia. Halafu mpeni chai.

Siku hizi niko Mungaa, nina kuku wangu na shamba la alizeti. Juzi nilikuwa uani napepeta uwele, nikakisikia. Mlio ule ule. Mjukuu wangu aliyekuwa pembeni akacheka, "Bibi, hamna simu inayolia."

"Najua," nikamwambia.

Nikaweka ungo chini, nikajifuta mikono, nikaingia ndani kuangalia.